Mbona Igurusi? Acha niwajibu wote kwa pamoja

Haya, tangu niweke stetasi kwamba nimeaplai MATI Igurusi, chuo cha kilimo cha serikali, nikasome diploma ya umwagiliaji, simu haijatulia. Kuna wanaodhani natania, kuna wanaonionea huruma kabisa, na rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye PGM, yaani fizikia, jografia na hesabu, kanitumia voisi ndefu anauliza kama NECTA, wale wa baraza la mitihani, walinikosea matokeo. Hawajanikosea. Nina jografia C, hesabu D, fizikia S, divisheni ya tatu pointi 13, principal mbili zipo, yaani ufaulu wa kuingilia chuo kikuu, S ndo haihesabiki, digrii naingia, sio kila digrii lakini naingia. Sasa swali linalojirudia ni hilohilo, mtu una principal mbili unaendaje kusoma diploma ya umwagiliaji huko porini, si uende Dar, au basi hata MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Mbeya mjini, ukasome kitu chenye jina. Nimechoka kujibu mmoja mmoja inbox kwa hiyo naandika hapa mara moja, ni ndefu, asiye na bando aishie hapa hapa.

Kwanza Igurusi sio porini jamani. Ukitoka Iringa na basi la Mbeya, ukishapita Makambako, ukapita Igawa na njia panda ya Rujewa, ukaipita Chimala, inayofuata ndo Igurusi, ipo juu kabisa ya barabara kuu, malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, mashine za kukoboa mpunga zimejaa na wanunuzi wa mchele wanatoka mpaka Dar. Mnaoiita pori ni nyinyi mnaopita mmelala.

Kwetu ni huku huku Usangu, upande wa chini wa barabara. Kijiji sikitaji maana wa kijijini nao wanasoma, na nitakayoyasema kuhusu mfereji kuna watu yatawagusa. Mzee analima mpunga, mama analima mpunga, bibi miguu inamsumbua siku hizi ila msimu ukianza lazima apelekwe akaone kitalu kimeotaje. Na shamba letu lipo mkiani.

Hili la mkiani inabidi nilieleze kidogo kwa wale ambao mpunga wameuona kwenye sahani tu. Maji yetu yanatoka milimani, huko juu safu za Uporoto na Kipengere, ukipanda ile barabara ya kona 57 toka Chimala kwenda Matamba ukigeuka nyuma unaliona bonde lote la Usangu limelala chini, na vijito vyote unavyovipita vinakimbilia huko. Mto ukifika bondeni unakutana na banio, ukuta unaoukatiza ili maji yapande yaingie mfereji mkuu, mfereji mkuu unagawa kwenye mifereji midogo, na hiyo midogo ndo inaingiza kwenye majaruba, vile vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta. Kwa hiyo mwenye shamba jirani na banio ndo wa kwanza kuonana na maji, halafu anayefuata, halafu anayefuata, mpaka yanatufikia sisi, kama bado yapo.

Na sio kwamba tunakosa kabisa, tunachelewa. Mwenzio wa juu Desemba ameshavuruga majaruba na vibarua wa kupandikiza wameingia, sisi tunakaa na miche kitaluni inazeeka tunasubiri, tunakuja kupandikiza mwezi wa pili unakaribia. Sasa mpunga uliochelewa ukichanua unakutana na baridi ya mwezi wa tano na wa sita, na Usangu ni bondeni ndio lakini baridi ya nyanda za juu inatushukia, mpunga ukichanua kwenye baridi haushiki punje vizuri, unavuna mapepe. Suke limesimama vizuri kabisa, ukilibonyeza kwa vidole halina kitu ndani. Halafu hata ule ulioshika unaingia sokoni wakati kila mtu ana mpunga na bei imeshaanguka, wa juu walishauza mapema wakati ghala za watu zilikuwa tupu. Kwa hiyo mtu wa juu na mtu wa mkiani wanaweza kuwa na eka sawa, mbegu ileile ya SARO, mbolea ileile, na mmoja anajenga nyumba ya tofali za kuchoma mwingine anahangaika na ada ya mtoto mmoja.

Ndo maana huku maji yanagombewa. Skimu yetu ya umwagiliaji ina kamati na kamati ina daftari la zamu, limeandikwa vizuri tu, kila eka inapewa maji kwa muda wa saa mbili, uwe wa juu uwe wa mkiani ni saa mbili. Ukilisoma unasema haki imetendeka. Lakini usiku wa zamu yetu mzee lazima atoke na tochi na chepe, yeye na baba mdogo, wanatembea mfereji mzima kuangalia nani kachepusha, na kila msimu lazima kuna siku wanarudi wamegombana na mtu. Nimekua nikisikia kwamba kuna jirani yetu fulani ndo mwizi wa maji. Watoto wake tulikuwa tunasoma nao na tukawa hatuongei nao kisa mfereji. Mama akikutana na mke wake njiani ni kamwene, kamwene, basi, kila mtu na njia yake.

Sasa ndo nafika kwenye kilichonipeleka Igurusi.

Nilikuwa kidato cha tano, nimerudi likizo ya Desemba kutoka shule ya bweni huko Iringa, nikakuta kijijini kuna dada wa fildi. Mwanafunzi wa chuo hichohicho, ameletwa skimu yetu kwa mazoezi, mdogo wa umbo, amevaa gambuti zimempwaya, wazee wanamwita mwalimu kwa utani. Siku moja akaniomba nikamshikie kamba banioni. Nikaenda kwa sababu nyumbani kulikuwa na kazi ya kung'oa miche na sikuitaka.

Akapima kamba mita 10 kando ya mfereji mahali ulipokwenda umenyooka, akachomeka kijiti mwanzo na kijiti mwisho. Akaingia majini akapima upana, sentimita 80, akapima kina sehemu kadhaa akachukua wastani, sentimita 30. Halafu akaokota gunzi la mahindi, gunzi tu hili la kuwashia moto, akalitupa majini juu kidogo ya kijiti cha kwanza, lilipokipita akabonyeza saa ya simu, lilipofika cha pili akabonyeza tena. Sekunde 25. Akarudia na magunzi mengine mpaka akaridhika. Vijana waliokuwa wanaosha pikipiki pale wanacheka, dada unavua samaki na gunzi? Yeye wala, anaandika.

Akanipa daftari akasema wewe si unasoma PGM, haya tafuta. Mita 10 gawanya sekunde 25 unapata kasi ya mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha upana mara kina mara kasi, halafu zidisha tena 0.85 kwa sababu maji ya juu yanakimbia kuliko yale ya chini yanayosuguana na udongo, na gunzi linaelea juu kwa hiyo linadanganya kidogo. Jibu linakuja kama lita 82 kila sekunde. Hesabu za darasani tu, sio za maprofesa! Mimi nimesoma fizikia tangu kidato cha kwanza, nimekokotoa kasi za magari yanayotoka mji A kwenda mji B mpaka nimechoka, na maisha yangu yote nimeishi kwenye mfereji, na haijawahi kunijia kichwani kwamba vile vitu viwili vinakutana.

Tukashuka mpaka mkiani, kwetu. Upana sentimita 60, kina 20, gunzi likajikokota sekunde 33. Lita 31 kwa sekunde.

Yaani yanaingia 82 yanafika 31. Na hapa ndo alinifungua macho kabisa, akasema sasa chukua zile saa mbili za kwenye daftari. Mtu wa juu akifunguliwa saa mbili anapata mita za ujazo kama 590. Mtu wa mkiani saa mbili hizohizo anapata 223. Eka moja ina mita za mraba elfu nne na kitu. Kwa hiyo wa juu shamba lake linasimama maji ya sentimita 14 na nusu, wa mkiani sentimita 5 na nusu, na hapo hujatoa yanayonywewa na udongo, na ardhi ya kuvuruga ikiwa kavu inakunywa kwelikweli. Saa ni sawa, maji sio sawa. Daftari la kamati lilikuwa linagawa muda, na sisi miaka yote tunajua linagawa maji.

Nilitaka nikimbie nikamwambie mzee muda uleule, dada akanizuia, akasema bado hatujajua zile 51 zimeenda wapi. Tukatembea mfereji wote, hiyo kazi ilichukua jua zima. Matundu ya kaa, mengi, maji yanapenya ukutani yanatokea upande wa pili kimya kimya. Mahali ng'ombe wanapovukia kingo zimelala. Kipande kirefu chenye mchanga ambacho kinakunywa tu. Majani yamejaa katikati maji yanatambaa. Na michepuko ya wizi ndio ipo, imefunikwa na majani, na ya jirani yetu ipo, simtetei. Lakini haikuwa peke yake, ilikuwepo na ya watu wanaokaa viti vya mbele kwenye mikutano ya skimu, na yote kwa pamoja dada alikadiria hailingani na yanayopotelea kwenye mchanga na matundu. Tulikuwa tumewanunia watoto wa watu kwa sababu ya kaa.

Mnataka kujua kamati ilifanya nini? Aliwasomea ripoti chini ya mti, wakapiga makofi, mwenyekiti akasema tunashukuru sana mwalimu wetu, wakamjazia fomu yake ya fildi maksi nzuri, akapanda basi akaondoka na zamu ikaendelea saa mbili mbili kama kawaida. Mzee wangu alisimama pale akauliza je tukipewa sisi wa chini saa zaidi? Akajibiwa kwamba mambo ya kitaalamu tuwaachie wataalamu. Mtaalamu mwenyewe keshaondoka! Mtu wa fildi ni mgeni, anasikilizwa kama mgeni. Mimi pale sio mgeni, shamba lipo, bibi yupo, wakinipigia makofi leo kesho watanikuta tena mfereji huohuo na gunzi langu.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza uliza, na wa kwanza alikuwa mjomba anayekaa Igurusi, maana yeye ana mashamba kwenye vijito vinavyolisha mto Mkoji na ni mtu wa stori. Akanisimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuja watafiti wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, pamoja na Wazungu, mradi wao uliitwa RIPARWIN, wakawakusanya wakulima wa juu na wa chini wakawachezesha mchezo. Mjomba anacheka mpaka leo akiusimulia. Kuna ubao mrefu umechongwa mto katikati, umeinamishwa. Mtu mmoja anamwaga gololi kule juu zinashuka, gololi ndo maji. Pembeni kuna vishimo, ndo mashamba. Kila mchezaji ana kijiti, anakilaza mtoni kuchepusha gololi ziingie kwenye vishimo vyake. Raundi ya kwanza watu wazima wenye ndevu wakawa wanafanana na watoto, wa juu wanazoa gololi mpaka vishimo vinafurika, wa chini wanaangalia ubao mtupu. Halafu wakabadilishana nafasi. Mjomba anasema kuna mzee mmoja wa juu, mbishi anajulikana, alipowekwa chini na kukosa hata gololi moja alinuna kweli kweli, mpaka wenzake wakamwambia mzee huu ni mchezo. Baada ya hapo ndo wakakaa wakaanza kuongea zamu kati ya kijiji na kijiji.

Nimeutafuta mchezo huo mtandaoni baadaye, aliyeubuni ni Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, na nikajikuta nasoma mambo ya kwetu yaliyoandikwa na watu wa mbali, saa nane za usiku na bando la mama. Kitu kimoja nilichokisoma kilinishtua kuliko hata zile lita 82. Sisi huku ukimuuliza mtu yeyote maendeleo ya skimu ni nini atakwambia tujengewe banio la zege. Mabanio ya kienyeji ni mawe, magogo, majani na udongo, mafuriko yakija yanaondoka nayo na watu wanaanza upya, kero tupu. Ila lile banio la kienyeji linavuja. Na kule kuvuja ndo walikokuwa wananywea watu wa chini! Ukiweka ukuta wa zege na geti la chuma, mtu wa juu kiangazi anaweza kufunga mto akachukua karibu yote yaliyobaki, haivuji hata kikombe. Kwa hiyo unaweza kuleta mradi mzuri, serikali ikazindua, utepe ukakatwa, na kijiji cha chini kikakauka kwa sababu ya maendeleo ya kijiji cha juu. Sisemi tusijengewe, mzee wangu akisoma hapa asije akadhani nimekuwa mpinzani wa banio. Nasema anayelichora awe amejiuliza yatakayopita ni kiasi gani, sio yatakayoingia tu.

Na hii habari sio ya kijiji kwa kijiji peke yake. Maji yetu yanaingia ardhioevu ya Ihefu, yanatoka yanaingia Hifadhi ya Ruaha, yanakwenda mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, mpaka Rufiji kwenye bwawa la Mwalimu Nyerere. Tangu 1993 mto wenyewe, Ruaha Mkuu, kiangazi kikifika unakauka ndani ya hifadhi, viboko wanabanana kwenye madimbwi, na kila umeme ukiwa wa mgao kuna mtu Dar anasema ni wale wakulima wa Usangu. Mkulima naye anasema ni wafugaji. Mfugaji anasema ni mashamba makubwa. Nimekulia kwenye hizo lawama. Kumbe waliokaa wakapima wanasema tatizo kubwa la mto kukauka lipo kiangazi, mpunga wa masika sio mshtakiwa namba moja. Ni ile miezi ambayo mpunga umeshavunwa lakini mageti yamebaki wazi, maji yanaingia mifereji kwa ajili ya kuchota, tofali, vibustani, na mengi yanaishia njiani kwenye matundu na mchanga. Watu wanahitaji maji ya nyumbani, hilo halina ubishi, ila kupeleka mto mzima kwenye mfereji wa udongo ili watu wachote ndoo, hapana.

Halafu kuna vibali. Kutumia maji ya mto unatakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, sawa, ni sheria na ni nzuri. Lakini kibali kinaandika lita kwa sekunde. Tuseme kimeandika lita 200 na mto mwezi wa kumi una lita 100, hapo mwenye kibali akifunga mto wote anakuambia nipo ndani ya sheria na bado nadai! Na nani anajua amechukua ngapi kama hakuna aliyesimama pale akapima? Kila mtu huku anagombania kitu ambacho hakijapimwa. Ndo kitu ninachotaka kukisomea, na sioni aibu yoyote.

Sasa kwanini Igurusi na sio kwingine, maana wengine mmesema sawa tumekuelewa umwagiliaji ila si unaweza kuusoma SUA. Ni kweli, SUA pale Morogoro wana digrii ya uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji, na sijasema sitaenda. Ila mimi najijua. Digrii miaka minne ya kalkulasi na fizikia yangu ya S, mkopo Bodi ya Mikopo inaweza kutoa au isitoe, nikidisko mwaka wa pili nirudi kijijini sina cheti wala ujuzi. Nikianza na diploma ninakuwa na kitu mkononi, naweza kusimika kipimo, kuchora ramani ya mfereji, kusawazisha shamba, halafu nikitaka digrii nitaenda nikiwa najua nauliza nini. Chuo cha Maji Dar nilikiangalia pia, nimekiweka chaguo la pili, ila kule unaenda kuwa mtu wa maji ya mabomba na visima zaidi, na Dar ina gharama zake, chumba, nauli, joto. MUST nawapenda, ni chuo kilichokua machoni pa wazee wetu, kilianza 1986 kikiitwa Mbeya Technical College, kaka yangu binamu kasoma umeme pale, lakini majaruba hawana.

Igurusi majaruba yapo nje ya dirisha. Chuo kipo ndani ya bonde lenyewe, mito ninayoisoma ndo ileile ya mjomba, fildi hata wakinitupa mbali nitakuwa nimetupwa Chimala. Nilipoenda kuulizia habari za fomu niliwakuta wanafunzi wamerudi shambani na matope mpaka magotini wanabishana kuhusu kilimo shadidi, ule wa kupandikiza mche mmoja mmoja ukiwa bado mchanga wa siku 8 mpaka 12, nafasi sentimita 25 kwa 25, na shamba unaliloweka na kulikausha badala ya kulituamisha maji muda wote. Mmoja anasema unaokoa maji na mbegu, mwenzie anasema hujawahi kulipa vibarua wa palizi wewe, maji yakikauka majani yanaota kama yameitwa. Nikasimama pale nasikiliza, hakuna aliyenikaribisha na hakuna aliyenifukuza, na wote wawili walikuwa sahihi. Nilijua nimefika.

Na nauli! Wikiendi ya kupandikiza napanda kosta narudi nyumbani, Jumatatu nipo darasani. Mama hakuuliza swali lingine baada ya hilo.

Shangazi ndo kazi. Shangazi yangu yupo Mbeya mjini, Uyole, ndo aliyenilipia hela ya matumizi nikiwa sekondari kwa hiyo neno lake lina uzito, na yeye alishaniona nesi. Alishanivalisha sare kichwani kwake. Alivyosikia alimpigia mzee simu, wakaongea muda mrefu, nilichosikia upande wetu ni ndiyo dada, ndiyo dada, nimekusikia dada. Hoja zake sio za kupuuzwa. Moja anasema msichana utaenda banioni usiku kusimamia wanaume wenye mapanga? Namjibu shangazi, geti likipimwa mchana na kila mtu akajua lake, usiku watu watalala. Hakukubali, na nikisema ukweli hata mimi hilo bado linanipa mawazo, najua watu wameshaumizana kwa ajili ya maji huku. Ya pili anasema kazi zipo wapi. Hapo nina nusu ya jibu. Ajira za serikali tunazisubiri wote, mwenye nesi anasubiri mwenye umwagiliaji anasubiri. Ila skimu zipo nyingi hapa wilayani kwetu Mbarali, zina makusanyo yao ya ada za maji, na zikiona kwamba mtu wa kupima anapunguza kesi na kuokoa msimu mmoja tu wa mkiani kuna siku zitamlipa. Labda. Shangazi alisema labda hailiwi. Mwisho akasema basi nenda, ila ukimaliza uje unipimie na bomba la hapa kwangu maana bili siielewi. Nimechukua hiyo kama baraka.

Mzee yeye hakusema mengi. Siku nimejaza fomu na kontroo namba imetoka, aliniuliza kitu kimoja tu, kwamba wanafundisha na namna ya kuziba matundu ya kaa? Nikamwambia sijui, nitauliza siku ya kwanza. Akasema ulize.

Majina bado hayajatoka. Yakitoka na mimi nikiwemo ada inatakiwa mapema, na ada ipo ghalani kwenye magunia, SARO safi, imekauka vizuri, tulikuwa tunasubiri bei ipande kidogo. Kwa hiyo nyie mnaokuja inbox kuniuliza mbona Igurusi, mkimaliza kuuliza niambieni mnachukua gunia ngapi. Hatujazi lumbesa.